Usimweke Mwanangu Mahali Ambapo Hapapo

Kwa miaka 11 niliuza mahali nisipopajua.

Nina duka dogo la stesheneri mjini Tanga. Natoa fotokopi, nachapa kadi za harusi, kalenda, vijitabu vya misa za mazishi na mabango ya mikutano ya injili, na dirishani nina uwakala wa kutuma na kutoa fedha. Aliyewahi kupita chini ya bango la mkutano wa injili anaijua sura yake: mhubiri katikati na maiki mkononi, jina lake kwa herufi za dhahabu, na nyuma yake mbingu inawaka zambarau, buluu na rangi ya kutu, mawingu yamefura kama moshi wa tanuri. Mteja akisema "niwekee kitu cha kimbingumbingu", nilikuwa na folda yake. Niliipa jina MAWINGU MAKALI. Ndani mlikuwa na picha sitini na kitu nilizozivuta mtandaoni usiku wa manane, zile saa ambazo bando linakaribia kuisha muda na hutaki lipotee bure.

Sikuwahi kujiuliza zimetoka wapi. Nilidhani ni kazi ya madizaina wenzangu, huko Ulaya au India, wanaojua kuchezea brashi za Fotoshopu kuliko mimi. Nilikuwa nawaonea wivu.

Kwa hiyo ushuhuda wangu hauna pombe wala mirungi, na sikuinuliwa kutoka kitanda cha hospitali. Kilichonigeuza mimi ni sentensi moja ya mama mmoja.

Alikuja asubuhi, sijamaliza hata kufagia. Mwanawe wa miaka 24 alikuwa anazikwa kesho yake. Alitaka nakala 150, kurasa nane, picha ya marehemu juu ya jalada. Nilimpa kiti, nikafungua folda, nikachagua picha niliyoipenda kuliko zote: mlima wa wingu la kahawia wenye vilele vilivyochongoka, kilele kimoja kikitoa kama mvuke kushoto na kulia, na nyuma yake buluu iliyochanganyika na kijani. Nikamweka kijana katikati ya ule mlima, nikalainisha kingo za picha yake mpaka ikawa kama anachomoza winguni. Nikamgeuzia skrini.

Alitazama kwa muda. Akanyoosha kidole; hakugusa uso wa mwanawe, aligusa mlima.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

"Si mahali, mama. Ni mambo ya kompyuta tu."

Akarudisha mkono mapajani. "Basi ondoa. Usimweke mwanangu mahali ambapo hapapo."

Nikaondoa. Kuzima leya moja ni kubonyeza kijicho kidogo pembeni mwa skrini. Nyuma ya kijana pakabaki peupe, na hivyo ndivyo tulivyochapa.

Usiku ule, duka limefungwa, niliipandisha ile picha kwenye Google nione nani aliitengeneza. Nilitaka jina la dizaina. Majibu yakaja mengi, na yote yalisema jambo moja: ule mlima upo.

Ulipigwa picha na darubini ya Hubble, inayozunguka dunia angani, tarehe 1 na 2 Februari 2010, na picha ikatolewa Aprili mwaka huohuo kuadhimisha miaka 20 ya darubini hiyo. Ni nguzo ya gesi baridi na vumbi ndani ya wingu kubwa liitwalo Nebula ya Mkuku, umbali wa miaka nuru 7,500 hivi. Mwaka nuru ni mwendo ambao mwanga huenda kwa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9 na nusu, na nguzo ile ina urefu wa miaka nuru 3. Ile niliyoiona kama mvuke ni mikondo ya gesi inayotemwa na nyota changa zilizofichwa ndani ya vilele. Mimi niliwahi kuikata nusu kwenye bango moja nipate nafasi ya namba ya simu ya kwaya.

Mkuku ni ule uti wa chombo, gogo la chini linalobeba mbavu zote. Wanaastronomia wa kale wa Ulaya walikuwa na kundinyota moja kubwa lenye umbo la merikebu. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyeipima anga ya kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, ndiye aliyeigawa vipande, na Kiswahili kinaviita Mkuku, Shetri na Tanga. Ndiyo, Tanga. Nimezaliwa na mvuvi, nimeishi Tanga maisha yangu yote, na nilikuwa sijui kwamba kuna Tanga nyingine juu, imetwekwa karibu na mkuku wake.

Ungedhani ushuhuda unaishia hapo, nimeona mwanga. La. Kwanza nilipotea upande wa pili.

Nilipoendelea kusoma nilifika mahali panapoeleza jinsi zile rangi zinavyopatikana, na hayo ni mambo ninayoyaelewa kuliko jirani yeyote mtaani kwetu. Hubble haipigi picha ya rangi kwa mara moja. Hupiga picha nyeusi na nyeupe, kadhaa, kila moja ikipitia kichujio kinachoruhusu mwanga wa aina moja tu: mwanga wa oksijeni, wa hidrojeni pamoja na naitrojeni, wa salfa. Halafu mtu hukaa mbele ya kompyuta, huiweka ya oksijeni kwenye chaneli ya buluu, ya hidrojeni kwenye kijani, ya salfa kwenye nyekundu, akaziunganisha. Nyekundu, kijani, buluu. Ni kazi ninayoifanya kila siku! Ile picha maarufu ya nguzo za Nebula ya Tai, ya tarehe 1 Aprili 1995, ilipangwa vivyo hivyo, tena ina pengo lenye umbo la ngazi kwenye kona moja, kwa sababu kamera moja kati ya nne ilikuwa inakuza zaidi ya wenzake na picha yake ikalazimika kupunguzwa ilingane na nyingine.

Niliona nimewashika. Kwa wiki kadhaa kule kwa kinyozi nilikuwa nahubiri kwamba wazungu wanapaka rangi majivu halafu wanatuambia ni mbingu. Watu walinisikiliza vizuri sana. Jambo la kwamba umedanganywa halikosi wasikilizaji.

Februari nilikwenda Pangani kumsalimia baba. Rafiki yangu anayeongoza watalii Saadani alikuwa ameniazima darubini yake ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama, na nia yangu ilikuwa nikalione wingu lenyewe, nirudi na ushahidi. Mnamo saa saba na nusu usiku nilitoka hadi ufukweni. Mwezi haukuwepo, kaskazi inavuma, maji yameshuka. Nilikuwa nimefungua ramani ya nyota kwenye simu. Nikailekeza darubini kusini, nikatafuta, nikatafuta, nikapata kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kijivu. Basi.

Baba aliamka akanifuata, amevaa kanzu yake ya kulalia, tochi ameizima. Ameacha bahari miaka mingi sasa, magoti hayamruhusu, lakini kusikia mlango ukifunguliwa usiku bado anasikia.

"Unatafuta nini?"

Nikamwonyesha. Akaniuliza nimekaa gizani muda gani. Nikasema dakika tano, kumi.

"Na hiyo simu inakumulika usoni muda wote?"

"Ndiyo, baba."

"Zima simu kwanza. Kaa. Halafu usikikodolee macho. Taa ya mbali baharini ukiikodolea inapotea. Itazame pembeni yake."

Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nusu saa nzima, kimya, mbu wakitufanyia walivyotaka. Suheli ilikuwa imeinama kusini magharibi, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga yote ya usiku, ile ambayo mabaharia wa pwani hii wameitegemea kujua kusini tangu zama za majahazi. Nayo iko kwenye Mkuku. Ndiyo nyota yake kuu. Nilipoinua darubini tena, nikatazama kando kidogo kama nilivyoelekezwa. Ile pumzi ya kwenye kioo ikawa na umbo. Ikawa pana, pana kupita mwezi mpevu. Mchirizi mweusi ukaikata kwa ndani kama barabara mbili zinazokutana. Na katikati ya weupe palikuwa na nukta moja ya rangi ya chungwa.

Nukta ile ni Eta Carinae. Ukijumlisha mwanga wake wote, unaoonekana na usioonekana, ni sawa na majua yapatayo milioni 5. Mwanaastronomia John Herschel aliishuhudia kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwezi Desemba 1837 ikianza kuwaka kuliko kawaida, na Machi 1843 ilikuwa imeipita hata Suheli, ikashindwa na nyota ya Shira peke yake. Huo ulikuwa wakati wa Seyyid Said kule Unguja. Nahodha yeyote aliyetazama kusini usiku miezi ile aliiona. Ilikuwa imelipuka bila kufa, ikamwaga gesi yenye uzito wa majua kumi na zaidi. Baada ya 1856, mwaka aliofariki Seyyid Said, ikafifia hadi jicho tupu lisiione. Sasa imeanza kurudi.

Nikampa baba darubini. Akatazama, akarekebisha, akatazama tena.

"Hilo doa tuliliona," akasema. "Hatukuwa na kazi nalo."

Akarudi kulala.

Nilibaki na swali moja. Doa lipo, sawa, baba yangu analijua bila darubini. Lakini rangi je? Jibu nililipata Jumatatu dukani, mteja ameniletea noti ya elfu kumi iliyochakaa nikaitilia shaka. Nina kile kimashine cha kukagulia noti, kitaa cha zambarau ndani ya kiboksi. Ukiiweka noti chini yake, karatasi yenyewe inabaki gizani, halafu nyuzi na alama ambazo mchana huzioni zinawaka. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Siku ile mkono wangu ulisimama.

Kitaa kile kinatoa hasa mwanga ambao jicho halioni, urujuanimno. Wino wa kwenye noti unaupokea, unaubadilisha, unaurudisha ukiwa mwanga tunaouona. Nebula hufanya jambo la jamaa moja na hilo. Ndani yake mna nyota kubwa mno, zenye joto la nje linalozidi nyuzi 30,000, wakati Jua letu halifiki 6,000. Nyota ya moto kiasi hicho humwaga urujuanimno mkali kuliko kitaa changu mara nyingi sana, mkali wa kuing'oa elektroni kutoka kwenye atomu ya hidrojeni. Elektroni ikizurura hukutana na protoni nyingine, ikanaswa, ikashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi hutoa mwanga wa rangi yake maalumu. Ngazi moja ya hidrojeni ni nyekundu. Oksijeni ina kijani yake, ambayo iliwasumbua wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60: William Huggins aliiona mwaka 1864 kwenye nebula nyingine, wakadhani ni elementi mpya wakaipa na jina kabisa, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni ileile tunayoivuta, iliyopokonywa elektroni mbili.

Kwa hiyo rangi zipo. Jicho langu ndilo lisiloziona, kwa sababu kwenye giza jicho la binadamu hutumia seli zinazotambua mwanga bila kutambua rangi. Na mtu wa Hubble hakupaka majivu. Salfa na hidrojeni zote hutoa nyekundu, zinazokaribiana kiasi kwamba ungeziacha hivyo usingejua ipi ni ipi, basi akazitenganisha ili zisomeke. Kwenye ramani ya shule Mkoa wa Tanga ulipakwa pinki, na sijasikia aliyekwenda Handeni akadai arudishiwe nauli.

Umbo la mlima ndilo nililolielewa kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa nimekulia ufukweni. Wimbi likirudi, nyuma ya kila kokoto hubaki mkia wa mchanga ambao kokoto limeukinga. Nyota zile zina mwanga unaochoma na upepo unaokwenda maelfu ya kilomita kwa sekunde. Zinaisukuma gesi iliyozizaa, zinachimba pango kubwa katikati ya wingu. Palipo na fundo zito la vumbi, fundo hukataa kuondoka, na kilicho nyuma yake husalimika kwa muda. Hiyo ndiyo nguzo. Ule mlima wa buluu na kahawia ni kilichobaki bila kufagiwa, na kinaendelea kuliwa. Ndani yake gesi iliyobanwa inazaa nyota nyingine zikiwahi kabla haijaisha. Na zile kubwa zenyewe hazina maisha: Jua limepewa miaka bilioni 10, zile huishi milioni chache.

Ilinichukua miezi miwili kumpata yule mama. Sikuwa na namba yake, nilikuwa na jina la marehemu tu kwenye faili. Nikamkuta sokoni anauza nazi. Sikujua nianzeje, nilimwamkia, nikasema mimi ni yule wa vijitabu, na kwamba nilimwambia uongo bila kujua. Ule mlima ni mahali kweli. Upo upande wa kusini, mbali sana, na siku nyingine nikipata nafasi naweza kumwonyesha kwa kidole.

Aliweka nazi chini. "Kukoje huko?"

Nikajikuta mwanasayansi. Nikamwambia ule mlima wenyewe ni wa baridi, ila gesi inayowaka kuuzunguka ina joto kama nyuzi 10,000.

Akanitazama. Halafu akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Basi afadhali uliondoa."

Nilitaka kumweleza kwamba gesi ile ni nyembamba mno, kiasi ambacho hapa duniani tungeiita utupu, na mtu asingeungua hata kidogo. Nikaona niache. Nilinunua nazi nne.

Folda ya MAWINGU MAKALI haipo tena. Picha zote nimezitafutia majina, na zile ambazo kweli ni kazi ya kompyuta, zilikuwa 19, nimezitenga. Kila ninachochapa sasa chini kabisa huwa na mstari wa herufi ndogo: hii ni Nebula ya Mkuku, hii ni ya Tai, na picha imetoka kwa nani. Mchungaji mmoja alikataa, akasema mstari ule unampunguzia bango nguvu, akahamia duka la jirani. Mwingine aliuliza maswali mpaka nikachelewa kufunga, na nasikia ameuhubiri ule mlima Jumapili mbili mfululizo. Mimi sikuwepo, sijui alisema nini juu ya zile nyuzi 10,000.

Msomaji asiye na darubini wala rafiki Saadani asikate tamaa. Iko nebula nyingine ya aina hii iliyo karibu zaidi, kwenye kundinyota la Jabari, umbali wa miaka nuru 1,350 hivi, inayowashwa na kikundi cha nyota changa ambamo moja tu ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Tafuta nyota tatu zilizopangwa mstari, mkanda wa Jabari. Kutoka hapo unaning'inia upanga wake, na katikati ya upanga pana nyota moja inayokataa kuwa nukta, kama imelowana. Hiyo ndiyo. Chagua usiku wa katikati ya Januari usio na mbalamwezi, kati ya saa nne na saa nne na nusu, mbali na taa za barabarani, ukae gizani kwanza. Ukiwa Pangani huna haja ya kuuliza upande: mji huo na nebula hiyo viko kwenye latitudo moja, nyuzi 5 na dakika ishirini na kitu kusini, nayo hupita utosini kabisa.